Maji Mengi Katika Mashine ya Kutotolesha

Msomaji mpenzi wa ukurasa huu wa familia, juma hili naandika nikiwa na deni.

Mwanzoni mwa masika, mama mmoja mjane wa mtaani kwetu hapa Tanga aliniletea mayai 30 ya kuku wa kienyeji niyatie katika mashine yangu ya kutotolesha. Alikusudia kuwalea vifaranga hadi wauzike, apate sehemu ya ada ya mjukuu wake. Siku ya 22 nilimkabidhi vifaranga 7. Mayai yaliyosalia nilipoyavunja, mengi yalikuwa na vifaranga waliotimia viungo na manyoya, wamefia ndani, wamelowa majimaji, na chumba cha hewa kilicho upande butu wa yai kikiwa kidogo mno. Mama yule aliwatazama, kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, kuku wangu huatamia bila chombo cha maji, na hajapata kunipa hasara ya namna hii.”

Nilimwomba radhi. Mayai yalikuwa amana mkononi mwangu, na niliyemuua kifaranga ni mimi niliyekijaza chombo cha maji hadi ukingoni, nikidhani kwamba maji yakizidi hayadhuru.

Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Kupitia humo yai hupoteza maji kidogo kidogo, na chumba cha hewa hupanuka. Kifaranga anapokaribia kutoka, hutoboa utando wa chumba hicho akavuta pumzi yake ya kwanza humo. Hewa ya mashine ikiwa na unyevu kupita kiasi, maji hayatoki, chumba hubaki finyu, naye huzama ndani ya ganda lake. Ikiwa kavu mno, utando hukauka ukamganda mwilini kama kitambaa kilichobandikwa gundi, asiweze kujigeuza.

Yai la kuku huhitaji unyevu wa asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, na asilimia 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapokosea. Hewa ya nyuzijoto 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 37.5 za mashine yenye feni, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 47, bila kuongezwa hata tone la maji. Kwa hiyo msimu wa mvua kikombe kidogo chatosha, na pengine hakihitajiki kabisa. Ndugu yetu wa Dodoma wakati wa kiangazi, hewa yake ikiwa na nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 40, ndani ya mashine atapata asilimia 20 tu. Huyo na ajaze maji. Naye aelewe kwamba kinachoongeza unyevu ni upana wa uso wa maji. Kina chake hakisaidii kitu.

Kipima unyevu changu nacho kilinidanganya. Nilitia chumvi ya mezani katika kifuniko cha chupa, nikailowesha kidogo iwe kama uji mzito, nikaifungia pamoja na kipimo hicho ndani ya mfuko usiopitisha hewa usiku kucha. Kilipaswa kusoma asilimia 75, kilisoma 62. Laiti ningekijaribu kabla!

Tangu hapo naitegemea mizani ya jikoni. Uzito wa kila yai nauandika juu ya ganda kwa penseli siku ya kuliingiza. (Katibu wa kamati ya msikiti amezoea kuandika kumbukumbu.) Kufikia siku ya 18, yai linatakiwa liwe limepoteza takriban asilimia 13: yai la gramu 45 libaki na gramu 39 hivi, na siku ya 9 liwe na gramu 42. Likiwa zito kuliko hivyo napunguza maji. Likiwa jepesi mno naongeza.

Siku ya 18 naacha kuyageuza mayai, naongeza maji, kisha sifungui mfuniko. Kila ukifunguliwa, unyevu hutoka na utando hukauka pale pale kifaranga anapodonoa. Wala matundu ya hewa yasizibwe ili kuhifadhi unyevu, kwa kuwa saa hizo ndipo anapohitaji hewa zaidi. Aliyekwisha kutoka asihurumiwe kwa njaa. Mabaki ya kiini aliyoyavuta tumboni humtosha siku mbili.

Mama yule nilimlipa thamani ya mayai yake. Alipokea nusu, nusu akaigeuza mayai mengine 30, akayaleta kwangu tena. Leo ni siku ya 12. Kila baada ya alasiri hupita barazani, wala hanisalimu kwanza kama desturi yake. Huuliza, “Yamepungua gramu ngapi?”