Mshipa wa Mkono ni Akiba ya Mgonjwa wa Figo

Wagonjwa wengi wanaofika zahanati wakiwa wachovu huwa na ombi moja: "Daktari, niwekee dripu nipate nguvu." Mimi mganga msaidizi nimewawekea wengi. Nilizoea kuchagua mshipa mnene wa karibu na kifundo cha mkono, au ule wa kwenye kiwiko, kwa sababu ni rahisi kuupata. Desturi hiyo nimeiacha, na naona waganga wenzangu nao waiache. Nitaeleza sababu.

Figo ni chujio la damu. Zikishindwa kazi, taka hubaki mwilini, na mgonjwa huhitaji mashine ya kusafisha damu. Kwa kawaida huenda mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Huchomwa sindano 2: moja hutoa damu, nyingine huirudisha. Kwa mwaka ni sindano zaidi ya 300. Tena mashine huvuta kiasi cha mililita 300 kila dakika, karibu chupa moja ya soda. Mshipa wa kawaida hauwezi kazi hiyo.

Shida hii ni ya zamani. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi alipoanza kutumia mashine yake mwaka 1943, mishipa ya mgonjwa ilipokwisha, matibabu nayo yalikwisha. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, Daktari Belding Scribner alimwekea Clyde Shields mirija ya Tefloni mkononi iliyoweza kutumika tena na tena. Shields aliishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 madaktari wa New York walitangaza njia bora zaidi: kuunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya mkono, ili vena inenepe na kuwa imara. Maungio hayo huitwa fistula. Si ile fistula ya uzazi tunayoisikia kliniki. Hii hutengenezwa makusudi ili kumsaidia mgonjwa.

Wataalamu hawakuishia hapo. Wapo wanaowekewa mrija wa plastiki chini ya ngozi badala ya vena. Huko Marekani kimewahi kutengenezwa kipande kidogo cha titani, kinachoshonwa juu ya mshipa uliozama ili kuiongoza sindano. Kazi hiyo ni njema, na iendelee. Lakini tujiulize: kifaa cha kushonwa juu ya mshipa kitashonwa wapi, ikiwa mshipa wenyewe tumekwisha uharibu sisi zahanati kwa dripu zisizo za lazima? Mgonjwa huyo huishia kuwekewa mpira shingoni, ambao huingiza vijidudu kwenye damu kwa urahisi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu:

1. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asidai dripu ikiwa anaweza kunywa maji na dawa.

2. Sisi waganga tumchome mgongoni mwa kiganja kila inapowezekana. Tuuache mkono asioandikia. Mgonjwa akiwa hatarini kufa, mshipa wowote utumike.

3. Mwenye fistula asipimwe shinikizo la damu wala kutolewa damu katika mkono huo. Kila asubuhi aiguse asikie mtetemo. Ukikoma, aende hospitali siku hiyo hiyo.

4. Aliyeambiwa figo zinachoka asisubiri azidiwe. Fistula huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla haijawa tayari.

Kulinda mshipa hakuhitaji fedha za kigeni wala fundi kutoka mbali. Kunahitaji mganga mwenye subira na mgonjwa anayejua kusema, "Tafadhali, usichome hapo." Akiba haiozi.