Hoja Tano Dhidi ya Kitabu

Hoja zenyewe mmeshazisikia, wasomaji. Vitabu vya kuwaeleza watoto saratani yao ni anasa, au vina madhara, au vyote viwili kwa pamoja. Wanaosema hivyo si watu wabaya, na wengi wao wameuguza. Lakini hoja mbovu haipati nguvu kwa sababu mwenye kuitoa ana huruma. Nitazichukua moja moja, kama wanavyozisema wao, kisha mtahukumu ninyi.

Ya kwanza: mtoto hajui anaumwa nini, basi aachwe na amani yake. Hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, na inaanza na jambo lisilo kweli. Mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner alikaa na watoto wa miaka 3 hadi 9 wenye leukemia katika hospitali moja ya Marekani, akachapisha aliyoyaona mwaka 1978. Watoto wale walijua kwamba wanakufa, na hakuna aliyewaambia. Walilinganisha hali zao na za wenzao, na mwenzao alipofariki walielewa. Kisha wakajifanya hawajui, ili wakubwa wasiumie. Sasa hapo amani inayolindwa ni ya nani? Mama anamficha mtoto, mtoto anamficha mama, na kila mmoja anaogopa peke yake. Tuwasikilize pia wazazi. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2004 uliwahoji waliofiwa na watoto kwa saratani. Kati ya 147 waliokuwa wamezungumza na mtoto wao juu ya kifo, hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 walionyamaza, 69 walijuta.

Ya pili: kitabu hakiponyi, hivyo fedha ziende kwenye dawa. Nusu ya kwanza naikubali bila ubishi. Sijasikia mtu anayetaka kuuza dripu anunue hadithi. Lakini dawa hufanya kazi ikitumiwa mpaka mwisho. Matibabu ya leukemia inayowapata watoto wengi huchukua miaka miwili au zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo ni vidonge vya kumeza nyumbani, wakati mtoto hana homa na anacheza mpira na wenzake. Ni katika miezi hiyo ndipo familia isiyoelewa hujiuliza: huyu si amepona? Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 375 wa miaka 13 hadi 29. Waliopewa Re-Mission, mchezo wa kompyuta unaoeleza saratani na tiba yake, walizingatia dawa zao vizuri zaidi ya wenzao. Mtaniambia mchezo si kitabu, na ni kweli. Hata hivyo, jaribio hilo linaonyesha kuwa maelezo yaliyopangwa kwa namna inayomvutia mgonjwa yanaweza kubadilisha anavyotumia dawa. Tena angalieni mgongano: katika hoja ya kwanza kitabu kina nguvu za kumvunja mtoto moyo, katika ya pili hakina nguvu yoyote. Wachague moja.

Ya tatu: haya ni mambo ya wazungu, sisi hatumtajii mtoto ugonjwa wake. Methali yetu inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo nayo ilitoka Ulaya? Na saratani yenyewe haikuletwa na meli. Limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto, ilielezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na wagonjwa aliowaona akiwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Wanachosema sawasawa ni hiki: vitabu vingi vilivyopo vimeandikwa ng'ambo. Mtoto wa humo ana chumba chake, analetwa hospitali kwa gari la baba, na dirishani kuna theluji. Mtoto aliyetoka Kigoma kwa basi, anayelala kitanda kimoja na mama yake wodini, atajitafuta humo asijione. Lakini ukikuta nguo haimtoshi mtoto, unamshonea nyingine. Humwachi uchi.

Ya nne: wazazi hawana muda wa kusoma. Aliyekaa wodini atacheka, maana dripu ya saa nyingi ina kila kitu isipokuwa haraka. Na hatuzungumzii kitabu kinene. Chukueni doksorubisini, dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Baada ya kuipata, mkojo wa mtoto huweza kutoka mwekundu. Asiyeonywa ataamini ni damu, na mama yake ataamini hivyohivyo. Ukurasa mmoja wenye picha ya chupa nyekundu, mtoto chooni na sentensi mbili unatosha kuondoa hofu hiyo. Ukurasa wa pili uende nyumbani, kwa kaka na dada waliobaki na bibi na kwa mwalimu wa darasa, uwaambie kwamba saratani haiambukizi na kipara cha mwenzao ni kazi ya dawa. Anayekosa muda wa kurasa mbili atapata wapi muda wa kuwajibu majirani wote?

Ya tano: vitabu vinauza matumaini ya uongo. Vingine vinauza, nakiri. Kitabu kinachosema jasiri hupona kinamwachia mtoto ambaye ugonjwa umemrudia lawama kwamba hakuwa jasiri. Kitupwe. Lakini kupona kwenyewe si uongo. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30, na Shirika la Afya Duniani liliweka lengo mwaka 2018 la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Uongo uko pande zote mbili: kuahidi kwamba kila mtoto atapona, na kunyamaza kana kwamba hakuna anayepona.

Uongo huo wa pili aliugundua mvulana wa Marekani, Jason Gaes, aliyeugua limfoma hiyohiyo ya Burkitt akiwa na miaka 6. Kitabu alichopewa kilikuwa na mtoto anayekufa mwishoni. Akataka kimoja ambacho mtoto anaishi, akaandika chake mwenyewe. Kilichapishwa mwaka 1987, na neno saratani limekosewa tahajia hata kwenye jalada, kama alivyoliandika. Naye akaishi akawa mtu mzima. Ugonjwa ulioelezwa kutokana na wagonjwa wa Kampala umepata kitabu cha mtoto huko Minnesota. Wanaotuambia vitabu hivi si vya kwetu watueleze, basi, ni kwa nini mtoto wa Kampala asipate chake.