Mali Iliyojengwa na Wengi

Vijana wetu wametuuliza: jumuiya ya watu wakutanao kwa njia ya intaneti, je, yafaa iombe kuandikishwa kuwa shirika la hisani lisilotozwa kodi?

Twawajibu kwa habari za Couchsurfing, jumuiya iliyoanzishwa Marekani ya wasafiri wanaokaribishana bure majumbani. Wanachama waliijenga kwa michango yao na kazi za kujitolea, wakidhani ni mali ya wote. Iliomba msamaha wa kodi, serikali ikakataa. Na mwaka 2011 ikageuzwa kampuni ya faida. Mwaka 2020 wenyeji wale wale, katika nchi nyingi, wakafungiwa mlango mpaka walipe ada.

Wikimedia Foundation, yenye kuiendesha Wikipedia, iliundwa mwaka 2003, ikapata msamaha huo mwaka 2005. Sheria yakataza faida yake kugawiwa watu binafsi. Hesabu zake lazima zitangazwe, wala haina ruhusa ya kumpigania mgombea wa siasa. Hizo ni pingu kweli, lakini ndizo zimlindazo mwenye kutoa. (Tuliozoea wakfu hatushangai.)

Basi na waombe, tena waombe mapema, wakati sanduku lingali tupu.