Kuonyeshwa Si Kusoma



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya uradi wa Qur'ani wa kila siku, nasi tutauingia kwa mlango ambao wazee wetu hawakuujua, mlango wa kompyuta.

Kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu tangu alifu mpaka akakhitimu, na ambaye leo kazi yake ni kuunda programu, alitujia baada ya sala ya Alasiri. Alifungua kompyuta yake, kikatokea kidirisha cheusi kisicho na picha wala vitufe. Mtu huandika humo neno la amri, na mashine humjibu kwa maandishi. Aliandika neno moja tu, "uradi", zikatokea aya 18.

Ufundi wake si mgumu kuelewa. Ana faili lenye aya zote 6,236, kila aya na mstari wake. Alilipata kwa mradi wa Tanzil, ulioanzishwa mwaka 2007 ili kuhakiki maandishi ya Qur'ani ya kompyuta. Nao humruhusu mtu kuyanakili, lakini humkataza kuyageuza. Faili la pili halina ila nambari moja, ya aya aliyokomea. Programu huitazama nambari hiyo, hutoa aya 18 zinazofuata, kisha huandika nambari mpya. Kwa hisabu hiyo mtu hukhitimu kwa siku 347, kabla ya kutimia siku 354 za mwaka wetu wa Kiislamu.

Tulifurahi, wala hatukuona aibu kusema hivyo. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza ya kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache. Basi chombo kinachomsaidia mtu kudumu si cha kudharauliwa.

Kisha tukamwuliza: "Na jana, mwanangu, ulisoma nini?"

Akainamisha kichwa. "Sikumbuki, Maalim. Zilitokea nikiwa kazini, nikazipita."

Na nambari ilikuwa imekwisha kusonga mbele! Kila asubuhi aya zilitokea zenyewe, na mashine ikaandika kuwa zimesomwa, zikisomwa zisisomwe. Kwa hisabu ya mashine alikuwa amefika Suratu Yusuf. Kwa ulimi wake alikuwa hajatoka katika al-Baqara. Tena kidirisha kile kilitenganisha herufi za Kiarabu na kuzipindua, hata akaziacha, akaweka tafsiri peke yake, ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Tafsiri ina manufaa makubwa, bali si Qur'ani yenyewe. Na ulimi usiotumiwa husahau makharija yake.

Hatukumkemea. Tungemkemea kwa uso gani? Sisi tunaokaa na watoto asubuhi na jioni tulikuwa tukijidanganya kuwa kuwasikiliza wao ndiko kusoma kwetu. Usiku ule tuliufungua Msahafu wetu wa nyumbani, tukaukuta uzi wa alama palepale tulipouacha siku za Ramadhani. Yeye alidanganywa na mashine, nasi tulidanganywa na kazi yetu.

Alipokuja tena tulimweleza hayo, tukaafikiana mambo matatu.

Kwanza, nambari isisogee mpaka aandike kwa mkono wake, "nimesoma". Aliuliza: "Na nikiandika uongo, Maalim?" Tukamjibu: "Mashine haitajua. Lakini Mwenye kujua anajua."

Pili, kidirisha kitaje sura na ukurasa tu. Hapo aufunge uso wa kompyuta, atawadhe, aufungue Msahafu, asome kwa ulimi wake. Kisha ndipo airudie tafsiri apate kufahamu.

Tatu, ahesabu kwa kurasa, si kwa aya. Aya ya deni katika al-Baqara hujaza ukurasa mzima wa Msahafu wa Madina, na katika Suratu Rahman imo aya ya neno moja. Kwa mashine zote mbili ni sawa. Msahafu huo una kurasa 604. Asomaye kurasa 4 baada ya kila sala ya faradhi husoma 20 kwa siku, naye hukhitimu kwa muda wa kama mwezi mmoja. Na mwezi ndio muda ambao Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Abdullah bin Amr, kabla ya kumpunguzia mpaka siku 7 alipoona hima yake. Asiyeweza hayo na asome ukurasa mmoja tu baada ya Alfajiri, asiache.

Tangu hapo kijana hutujia kila Alkhamisi baada ya Magharibi, akatusomea ukurasa mmoja nasi tukamsahihisha, maana mashine haisikii alipokosea madda. Akimaliza hutuuliza kwa adabu: "Na wewe, Maalim, umefika wapi?" Wiki ya kwanza swali hilo lilitutoa jasho. Sasa twalingoja.

Enyi wazazi, waulizeni watoto wenu swali hilo jioni ya leo. Nanyi watoto, waulizeni wazazi wenu, kwa heshima. Nyumba ambayo watu wake huulizana hivyo, uzi wa Msahafu wake haukai mahali pamoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika watu wa Qur'ani. Amin.