Pumziko la Kisiwani na Ngitili ya Nyumbani



Ndugu msomaji, likizo iliyopita niliondoka Kambarage, Shinyanga, alfajiri pamoja na vijana wa jumuiya ndogo ndogo kwenda kupumzika Kisiwa cha Saanane, Mwanza. Kisiwa hicho kina jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo zamani. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Kutoka mjini ni dakika chache tu kwa boti. Unaacha nyuma honi na bodaboda, unakuta miti, mawe makubwa, pimbi wanaoota jua na swala wasio na haraka.

Tulikaa kivulini bila kusema mengi. Kijana mmoja, ambaye mwaka mzima hushinda kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, aliniambia: "Frateri, sikujua kama masikio yangu yamechoka hivi." Neno lake sijalisahau.

Wapo wanaosema matembezi ya namna hii ni ya watalii na wenye fedha. Sikubaliani nao. Amri ya Sabato, katika Kumbukumbu la Torati, inamtaja mtumwa na mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Naye Bwana wetu, mitume waliporudi kutoka utume wakiwa wamechoka, aliwaita kando wapumzike kwanza. Basi mwenye kazi ngumu ndiye mwenye haki ya kwanza ya kupumzika.

Lakini njiani kurudi nilijiuliza: kwa nini tusafiri hadi Mwanza kutafuta kivuli? Kwetu palikuwa na misitu. Enzi za ukoloni miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Yakafuata mashamba ya pamba, kuni na mifugo mingi, mpaka Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mradi huo ulifanikiwa uliposikiliza wazee na kurudia desturi ya Wasukuma ya ngitili: kutenga eneo mvua zinapoanza, lisilishwe mifugo, ili kiangazi malisho yawepo. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua. Dagashida iliweka sheria, na aliyekata mti alilipa faini. Maelfu kwa maelfu ya hekta yakarudi kuwa kijani, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya Ikweta.

Vivuli hivyo sasa vimo hatarini. Miti inakatwa kwa mkaa, na huku kwenye machimbo inakatwa kwa matimba, zile nguzo zinazozuia kuta za duara zisiporomoke. Simlaumu mchimbaji anayelinda uhai wake. Sisi wenyewe tunanunua gunia la mkaa bila kuuliza limetoka wapi, kisha Jumapili tunaomba mvua.

Maoni yangu ni haya. Kila parokia, kigango na seminari yenye ardhi itenge ngitili yake, hata iwe ekari mbili. Hauhitajiki mfadhili, wala miche mingi. Kinachohitajika ni kuzuia jembe, shoka na mifugo, halafu kungoja. Wazee wakumbushe sheria zao, vijana walinde. Jumapili baada ya Misa, pawe mahali pa mama aliyechoka na mchimbaji aliyelala usiku mmoja wiki nzima kukaa, kusali rozari au kunyamaza tu. Kwa frateri anayejiandaa kuongoza watu, kulinda ngitili ni somo: utajifunza kungoja kitu usichoweza kukiharakisha.

Mkipata nauli, nendeni Saanane, mtafurahi. Lakini yule kijana wa makarasha hawezi kwenda Mwanza kila wiki. Masikio yake yanachoka kila siku, na anastahili kivuli anachoweza kukifikia kwa miguu.