Xrun maana yake nini?

Jamani, jana nimelala saa tisa usiku nahariri mahojiano. Sauti inakatikakatika. Nikalaumu maikrofoni, nikalaumu waya, nikalaumu mpaka umeme. Kumbe bafa niliyoiweka mwenyewe ilikuwa ndogo mno.

Kwa wasioijua, JACK ni seva ya sauti ya wataalamu wa Linux tangu 2002. Kazi yake ni kuunganisha programu za sauti, kama fundi mitambo anavyounganisha nyaya studio. Lakini kabla hujarekodi hata kikohozi, kuna namba za kupanga. Ukiweka bafa ya sampuli 128, kwa sampuli 48,000 kila sekunde, kompyuta inapewa milisekunde 2.7 tu kumaliza kazi. Ikichelewa, sauti inakatika. Ukiweka 1,024 inapata milisekunde 21. Kompyuta inapumua, ila mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa.

Sawa, hiyo ni hesabu, haikwepeki. Kinachoniudhi ni ujumbe: ikikwama, unaandikiwa "xrun". Basi!

Najua, PipeWire imepunguza maumivu. Fedora iliikabidhi sauti mwaka 2021, na programu za JACK na za PulseAudio sasa zinapita mlango mmoja. Lakini xrun bado ni xrun.

Wataalamu watasema nijifunze. Nimejifunza. Ila hata daladala ina mshale wa mafuta. Dereva hafungui injini kujua dizeli imeisha. Kompyuta inajua imechelewa. Kwa nini isiseme tu, "ongeza bafa"?

Naomba kutoa hoja.