Mtamu, na Wala Usione Haya

Jamani, nani alitudanganya kwamba mvinyo mweupe mtamu ni wa wasiojua kunywa? Unamwona kaka wa watu yuko na mchumba wake, kaagiza mwekundu mkavu, kila funda anakunja uso kama anameza klorokwini! Ya nini yote hayo?

Utamu ule si sukari ya dukani. Kule Sauternes, Ufaransa, zabibu huachwa mtini mpaka ukungu uzishike na kuzinyausha. Maji yanapungua, sukari inabaki. Ndiyo maana bei ya Château d'Yquem si mchezo: mzabibu mmoja hutoa kama glasi moja tu. Hata Napoleon, akiwa kifungoni St Helena, aliletewa mvinyo mtamu wa Constantia kutoka Cape.

Mfuko haufiki huko? Moscato d'Asti ya Italia inatosha, kilevi chake kama asilimia 5 hivi. Ipoze barabara, maana ya vuguvugu inakinaisha. Na msingoje keki! Jaribuni na kuku wa pilipili, utamu unatuliza moto mdomoni.

Na wewe shemeji, mhudumu akija, safari hii mwache dada aagize.